Gauni la Njano Kwenye Kanda ya Harusi

Mimi ni mwanamke mwenye wivu, na nalisema mapema ili msomaji asihangaike kuligundua mwenyewe. Si wivu wa kununa kidogo, ukabembelezwa, ukacheka. Wangu hunikaa tumboni, chakula kikagoma kushuka, nikaanza kusikia hata maneno ambayo hayajasemwa. Mama yangu alipenda kuhadithia kwamba nilipokuwa bado nanyonya nilikuwa nalia kila akimpakata mtoto wa jirani. Kwa hiyo ninapoeleza jinsi kanda moja ya video ilivyoingia katika ndoa yangu, mjue anayeeleza ni mtu wa namna gani.

Miaka ya tisini ndipo video ziliposhika kwenye harusi za Ifakara. Kabla ya hapo tulipigwa picha za karatasi, watu wamesimama wima kama wanasubiri kuhojiwa polisi, na zilitosha. Kisha ghafla ikawa harusi isiyo na video inasemwa vibaya kisimani. Mpiga video aliyesifika pale mjini alikuwa mmoja. Alikuwa na chumba nyuma ya soko, ndani yake televisheni, deki mbili, na kamera kubwa aliyoibeba begani. Alikuwa kijana mwembamba mwenye majigambo, anavaa koti hata kwenye joto ambalo sisi wengine tunatamani kuvua ngozi. Alijiita fundi, nasi tukamwita fundi.

Mume wangu alikuwa akiendesha mashine ya kukoboa mpunga, upande wa Lumemo. Alirudi jioni na vumbi la pumba kwenye nyusi, akionekana mzee, kisha akaoga akarudi kuwa kijana wangu. Nilimpenda hivyo, pamoja na pumba zake. Mimi nilikuwa na cherehani yangu barazani, nashona magauni na sare za shule. Tulikuwa na mtoto mmoja wa kike, ndiyo kwanza anajifunza kutambaa.

Basi mdogo wake mume wangu akapata mchumba kijiji cha Kisawasawa, na hapo ndipo penye neno. Binamu wa bibi harusi huyo ndiye mwanamke ambaye mume wangu alikuwa amuoe kabla yangu. Posa ilikuwa imepokelewa, watu wamekula na kunywa, halafu wazee wa pande mbili wakakosana juu ya mpaka wa shamba, posa ikarudishwa. Hawakuachana wao, waliachanishwa. Hicho ndicho kilichonichoma siku zote. Mwanamke aliyegombana na mumeo wakatupiana maneno unaweza kumsahau. Huyu walimwondoa mezani wakati sahani bado imejaa.

Mume wangu alinieleza habari hizo mwenyewe kabla hatujaoana. Nilimuuliza kama yameisha, akasema yameisha. Nikamuuliza yameishaje, akasema yameisha tu. Nami nikamwambia wazi: njaa nitaivumilia, mafuriko nitayavumilia, hata mdomo wa dada yako nitauvumilia, lakini siku nikijua huyo mwanamke bado yumo moyoni mwako, nafunga cherehani yangu nyuma ya baiskeli narudi kwetu Katindiuka.

Alicheka. "Itadondoka mtaroni kabla hujafika," alisema.

Siku ya harusi upande wetu wote tulivaa vitenge vya kijani, nilivishona mimi mwenyewe mpaka vidole vikaota sugu. Yeye alikuja na watu wa Kisawasawa akiwa amevaa gauni la njano. Sitasema alikuwa mbaya, kwa sababu hakuwa mbaya. Lilimkaa vizuri, na mimi kama mshonaji niliona kabisa kwamba aliyelishona anajua kazi, jambo lililoniongezea uchungu. Tangu asubuhi mpaka watu wanatawanyika nilimchunga, kama mtu aliyeanika mpunga uani na kuku wamejaa. Nilicheza, nilipakua pilau, nilibeba watoto wa watu, lakini jicho moja lilikuwa kwenye njano.

Sikuona kitu. Yeye alikuwa huku, mume wangu kule. Hawakusogeleana hata kidogo. Nilirudi nyumbani miguu inaniuma na roho imetulia, nikajicheka kwa ujinga wangu.

Baada ya wiki chache kanda ikawa tayari. Tulikusanyika kwa mama mkwe Jumapili mchana baada ya ibada, sebule imejaa, wanawake mkekani, watoto mbele karibu kuigusa televisheni, wanaume wamesimama mlangoni na vikombe vya chai. Ikaanza na maua yanayozunguka na majina ya maharusi. Kisha wimbo wa mapenzi, ule uliokuwa ukipigwa kila harusi mwaka ule. Kila aliyejiona alipiga kelele. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alijiona anatafuna mfupa akasema fundi amemfanyia makusudi. Tulicheka sana. Mimi nilikuwa nasubiri kujiona nacheza, maana nilicheza siku ile.

Ndipo akatokea mume wangu. Uso wake tu, umejaa kioo kizima, anaangalia pembeni na anatabasamu. Tabasamu lile nalijua. Huwa anauma mdomo wa chini kidogo, kama mtoto anayezuia kicheko. Ndilo alilonipa siku ya kwanza nilipopeleka mpunga wetu kukobolewa, na nilikuwa nikiamini kwamba ni langu peke yangu. Fundi akaliacha pale, likakaa, likakaa. Kisha picha ikabadilika, na likatokea gauni la njano.

Alikuwa ameinua macho. Akayashusha taratibu mno, maana fundi alikuwa amepunguza mwendo wa kanda, hata kope zake ungeweza kuzihesabu. Akatabasamu kwa haya. Na mwimbaji wakati huo huo anaimba habari za kuungua moyo. Halafu akarudi tena mume wangu, bado anatabasamu, mdomo bado ameuma. Baada ya hapo ikaja keki.

"Heee! Kaka!" Wifi alipiga ukelele. "Macho hayo!"

Sebule nzima iliangua kicheko, na kisha, mmoja baada ya mwingine, wakakumbuka kwamba nipo. Kicheko kilikatika vibaya. Mtu akakohoa. Wifi, ambaye mdomo wake hauna breki, akasema, "Hebu rudisheni kidogo." Nao wakarudisha! Tukatazama tena, mume wangu anamwangalia, yule mwanamke anashusha macho, mume wangu bado anamwangalia. Nilihisi uso unawaka kama nimeinamia chungu cha maji yanayochemka.

Mume wangu alikuwa mlangoni na kikombe chake. Watu walipomgeukia alisema, "Hata sijui nilikuwa naangalia nini."

Katika majibu yote aliyoweza kuyatoa duniani, alichagua hilo.

Nyumbani nilianza kabla hajavua viatu. "Ulikuwa unaangalia nini?"

"Mama watoto, nimeshasema sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Nimeona, na mama yako ameona, na watoto wa jirani wameona."

"Yule kwangu sasa ni shemeji tu, kama mashemeji wengine."

"Shemeji gani anashusha macho vile?"

"Macho ni yake, unaniuliza mimi?"

Nilimbeba mtoto mgongoni, nikachukua khanga moja, nikaondoka kwenda kwa mama yangu Katindiuka. Cherehani sikuichukua. Nadhani bado nilikuwa na tumaini, au nilitaka anifuate. Alinifuata siku ya pili na baiskeli, akakaa kwenye kigoda mbele ya mama yangu, akasema hana kosa, akaondoka peke yake. Mama hakuacha kupepeta mpunga wake. Aliniambia tu nisimsumbue mtoto kwa kulia karibu yake.

Ile kanda nayo haikukaa kabatini. Ilikuwa desturi yetu: kanda ya harusi inaazimwa nyumba hadi nyumba, kama kinu. Ikaenda kwa majirani, ikaenda kwa shangazi, ikavuka ikaenda Kisawasawa ikarudi. Nilikwenda kufua mtoni nikakuta wanawake wawili wamenyamaza ghafla. Wa tatu, aliyekuwa na huruma ya kijinga, akaniambia, "Pole mwenzangu. Tumeiona." Hakuna hata mmoja kati yao aliyehudhuria ile harusi. Wote walikuwa na hakika kuliko mimi niliyekuwepo.

Hapo wivu wangu ulinipeleka kwenye wazo ambalo mtu mtulivu asingelipata. Nilijiuliza: kama kwenye kanda ya saa moja wameonekana hivi, kwenye yale mengine ambayo fundi hakuyaonyesha kuna nini? Aliturekodi kutwa nzima. Kwa hiyo kuna mahali pana mchana mzima wa mume wangu na yule mwanamke, nami sijauona. Sikuweza kula. Nilimwachia mama mtoto, nikaenda sokoni.

Fundi nilimkuta anakula muhogo wa kukaanga, koti amelivaa. "Karibu dada, karibu sana. Umekuja kuongeza nakala?"

"Nimekuja kuona vipande mlivyovikata."

"Sisi hatukati, dada. Tunaunganisha." Alijifuta mafuta kwenye suruali. "Kuna tunayoiita kanda mama, ndiyo niliyorekodia. Hiyo naiweka kwenye deki hii. Kanda ya mteja iko kwenye deki ile. Nachagua hapa, narekodi kule. Nisichokitaka kinabaki."

"Basi nionyeshe kilichobaki."

Nilimwambia kwa nini, maana asingekubali bila sababu. Nilidhani ataona aibu. Alifurahi! Alipiga paja kwa furaha, akaniuliza kama kweli watu walishtuka, walisema nini, walirudisha mara ngapi. Yule kijana alikuwa hajui kabisa kwamba mume wangu na gauni la njano waliwahi kuchumbiana. Kwake walikuwa nyuso mbili zenye mwanga mzuri.

"Sikiliza dada," alisema. "Betri yangu iliisha kabla ya keki, nikachelewa kuibadilisha. Nikapata picha chache. Lakini wimbo ule ni mrefu, na siwezi kuukatisha katikati, watu watanung'unika. Wimbo unabaki, picha zimeisha, nifanyeje? Ndiyo maana huwa naokota tabasamu za akiba. Kila harusi nazunguka nazikusanya, za watu mbalimbali. Wimbo ukizidi, nachomeka. Na wimbo wa mapenzi unataka wawili, mwanamume na mwanamke. Nikachukua mmoja huku, mmoja huku."

"Hawakuwa wanaangaliana?"

"Huyo wa kwako nilimchukua asubuhi, nyumbani kwenu. Huyo wa njano nilimchukua mchana ukumbini. Ngoja."

Akaweka kanda mama, akaipeleka mbele, akaisimamisha. Nikamwona mume wangu uani kwa mama yake, nyuma yake sufuria za pilau. Anatabasamu lile tabasamu, anaangalia pembeni. Halafu picha, ambayo kwetu ilikuwa imekatikia hapo, ikaendelea. Kamera ikayumba, ikageuka kufuata anakoangalia, na kule nilikuwa mimi. Nimeweka ungo kichwani, nimevua kiatu kimoja kilichokatika kamba, nacheza na kiatu kimoja, wifi ananipigia vigelegele.

Nilitazama mpaka nikasahau kukaa. Mimi ndiye niliyekuwa naangaliwa.

"Mbona hukuweka hii?"

"Ulisimama jua likiwa nyuma yako. Uso mweusi tii, kama chungu. Ningewekaje?"

Kisha akanionyesha gauni la njano. Alikuwa amekaa na wanawake wengine, akagundua kamera imemwelekea, akainua macho akaiangalia moja kwa moja, akayashusha. Kwa mwendo wa kawaida lilikuwa jambo la kupepesa jicho. "Ananionea haya mimi," fundi alisema, akanyoosha kola ya koti lake.

Nilipaswa kuondoka wakati ule ule, na mara nyingi nimewaza maisha yangu yangekuwaje kama ningeondoka. Lakini fundi alikuwa amepata mtazamaji, akataka kunionyesha ufundi wake. Alichukua lile tabasamu la mume wangu akaliunganisha na sinia la pilau. Tukatazama: mume wangu akawa mroho, mtu mwenye njaa anayelitamani sinia. Akaliunganisha na mama wa bibi harusi anayelia akimuaga mwanawe. Sasa mume wangu akawa katili, anafurahia machozi ya mama wa watu, nikamchukia kwa muda. Akaliunganisha na babu mmoja aliyelala kwenye kiti mdomo wazi. Hapo akawa mtu mwema, mwenye utani na wazee, nikacheka kwa sauti.

"Umeona? Sijamgusa hata unyusi," fundi alisema. "Uso ni ule ule. Mimi nawapa vitu viwili tu. Cha tatu mnakitia wenyewe, halafu mnaapa mmekiona."

Alinieleza na mengine. Kwamba ukimwacha mtu kwenye kioo kwa muda mrefu, watazamaji wanaanza kudhani anawaza jambo kubwa, hata kama anawaza kwenda chooni. Kwamba kumrudia mara ya pili ndiko kunakomaliza kazi, maana hapo inakuwa kama amejibiwa. Kwamba sauti ya ukumbi huwa anaizima, kwa sababu viti vikikwaruza na watoto wakilia hakuna mtu atakayeamini mapenzi. Nilimsikiliza huku nikijisikia mwepesi. Mume wangu hakuwa na kosa, na lile tabasamu lilikuwa langu. Nilitamani kuwakusanya wale wanawake wa mtoni niwatandike kwa khanga iliyolowa.

Nikamwambia fundi aunganishe upya. Atoe njano, aniweke mimi na ungo wangu, hata kama uso ni mweusi. Alikubali, kwa sharti nisiwaambie watu kwamba alikosea, bali kwamba ameongeza. Akasema lazima aipitie kanda mama yote kutafuta mahali nilipopata mwanga mzuri zaidi, na kama nina nafasi nikae tutafute wote.

Nikakaa. Video ambayo haijaunganishwa inachosha kama kusubiri treni. Hakuna wimbo. Upepo unavuma kwenye kamera, mtu anaita mtoto, viti vinapangwa, watu wanapita nyuma ya watu. Fundi alikuwa anautafuta mwanga. Mimi, kwa mazoea tu, nilikuwa bado naitafuta njano.

Sehemu ya zawadi haikuwemo kabisa kwenye kanda tuliyopewa. Kwetu zawadi hutolewa kwa mstari. Wageni wanakuja wakicheza, wanaweka zawadi zao mezani, kisha wanapita mbele ya maharusi na ndugu wote wa bwana harusi waliojipanga, wanampa kila mmoja mkono. Humruki mtu hata kama mna kesi, kwa sababu kumruka ndugu kwenye mstari ni kuutukana ukoo. Niliona watu wa Kisawasawa wanakuja. Niliona mama mkwe anapewa mkono, wifi anapewa mkono. Mume wangu alikuwa amesimama kati ya wifi na mimi. Njano ilipoanza kukaribia, mume wangu akatazama nyuma, kama mtu aliyeitwa, akatoka kwenye mstari.

Hakuna aliyemwita. Kwenye ile kanda mama kila sauti ilikuwepo, na jina lake halikutajwa na mtu.

Yule mwanamke akafika pale kwenye pengo. Mkono alikuwa ameshaunyoosha, kwa sababu ukiwa kwenye mstari ule mkono unajiendea wenyewe. Ukabaki hewani kidogo. Akaurudisha, akajigusa kilemba kama kilichotaka kuanguka, kisha akasogea kwangu, akanipa mkono na kunipongeza. Mimi kwenye kanda natabasamu. Nakumbuka nilikuwa nakagua mshono wa bega lake. Na nyuma kabisa, karibu na kreti za soda, nilimwona mume wangu ameinama, amenigeuzia mgongo, anazipanga upya chupa ambazo zilikuwa zimepangwa. Njano ilipokwisha kwenda kukaa, akarudi kwenye mstari.

"Rudisha," nilimwambia fundi.

"Hapa hakuna mwanga, dada."

"Rudisha."

Tangu hapo sikuona kitu kingine. Bibi harusi akiingia ukumbini na watu wake, njano ikiwa kati yao, mume wangu anatoka kwa mlango wa pili. Wakati wa chakula anahama meza. Kila mahali alipokuwa mmoja, mwingine alikuwa ametoka muda mfupi tu. Kanda nzima, kutwa nzima, ukumbi ule mdogo unaojulikana, na hawakuwa hata mara moja ndani ya picha moja. Mimi ndiye niliyeliona hilo kwa macho yangu siku ya harusi nikaliita amani. Mtu asiye na neno na mwenzake anamsalimia na kupita. Kumkwepa mtu namna ile, bila kukosea hata mara moja, lazima kila dakika ujue yuko wapi. Mume wangu kutwa nzima alijua yule mwanamke yuko wapi, kama mimi nilivyojua.

Na fundi, kwa kutafuta tu cha kujaza wimbo wake, alikuwa amewaweka pamoja watu waliohangaika siku nzima wasikutane. Sikumwambia. Angejisifu.

"Hii ya zawadi niiongeze?" aliniuliza. "Upande wenu mmeonekana wengi."

Nilimfikiria mama mkwe, wifi, mkeka umejaa watu, kidole cha mtu kikionyesha lile pengo. "Iache," nilisema.

"Basi vizuri. Kanda hii naitumia Jumamosi, kuna harusi nyingine. Narekodi juu yake."

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia asiifute. Nilitoka nje, jua kali, baiskeli zinapita na magunia, nikaenda kumchukua mtoto wangu kwa mama, tukarudi nyumbani kwa mume wangu.

Jumapili iliyofuata tulikusanyika tena kwa mama mkwe, watu wengi kuliko mara ya kwanza, kwa sababu habari zilikuwa zimeenea kwamba video imeongezwa. Wimbo ule ule. Uso wa mume wangu ukaja, tabasamu, mdomo ameuma, akakaa, akakaa. Watu wakaacha kutafuna. Kisha nikatokea mimi na ungo kichwani, kiatu kimoja, fundi amepunguza mwendo mpaka kitenge changu kinapaa kama cha malaika. Kisha mume wangu tena.

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika barabarani. Wifi alinikumbatia mbele ya watu. "Wifi yangu, nisamehe, kumbe ni wewe!" Mama mkwe alisema afadhali imejulikana. Wanawake walioniambia pole mtoni walikuwa wamejazana dirishani wanasema nimependwa mimi, nimependwa kweli. Na ilikuwa kweli. Kila kitu kilichokuwa kwenye kioo wakati ule kilitokea, kwa mpangilio ule ule. Alikuwa akiniangalia na alikuwa akitabasamu, na nilijua nitalikumbuka hilo kwa uchungu mpaka nazeeka.

Mume wangu alikuwa amekaa karibu yangu mkekani safari hii. Alinigusa goti. "Umeona sasa?" alisema kwa sauti ya chini, amefurahi kama mtoto aliyesamehewa.

Nilimuuliza nikiwa nimeinamisha kichwa, wengine wasisikie. "Siku ile, yule binamu wa bibi harusi ulimsalimia?"

"Nani, yule? Nilimsalimia." Hakusita hata kidogo. "Si alipita kwenye mstari wa zawadi? Nilimpa mkono kama mashemeji wengine. Wewe mwenyewe ulikuwa hapo hapo pembeni yangu."

Kama angesema, "Hapana, nilikimbia." Kama angesema, "Sikuweza." Nadhani ningelia, ningegombana, ningebaki. Nilimwangalia usoni kutafuta mahali uongo ulipoungwa, na sikuuona mshono wowote. Juu ya ule mkono uliobaki hewani sasa palikuwa na harusi ya watu wengine, wanakata keki. Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyeuona isipokuwa mimi, na fundi ambaye alikuwa anatafuta mwanga.

"Rudisheni tena!" wifi alikuwa anapiga kelele. "Rudisheni pale kwa wifi!"

Kabla masika hayajaanza nilikodi baiskeli, nikafunga cherehani nyuma kwa kamba za mpira, nikamweka mtoto mgongoni, nikarudi Katindiuka. Haikudondoka mtaroni. Mume wangu alisimama uani na pumba kwenye nyusi akaniuliza amekosa nini, nikasukuma baiskeli. Majirani walitoka kutazama, na hakuna hata mmoja aliyenielewa. Wote walikuwa wameiona video.